Wakati Ni Mali ya Nani?

Jua la Rwanda huanza kuwaamsha watu wa Kirehe, likaenda Kigali, likapanda milima ya Nyamagabe, likavuka msitu wa Nyungwe, na mwisho kabisa ndipo linakumbuka kwamba Rusizi nako kuna watu. Hili sikulizua, ni hesabu. Dunia ikizunguka digrii moja zinapita dakika nne, na sisi wa Kamembe, mji wa Rusizi, tuko digrii moja na ushei magharibi ya Kigali. Dakika nne na nusu hivi. Lakini saa ya ukutani ni moja nchi nzima, tena imepangwa kwa kufuata mstari wa digrii 30, ambao unapita palepale karibu na Kigali. Kwa hiyo mtumishi wa Rusizi akiingia kazini amechelewa dakika nne, kwa haki ya Mungu hajachelewa. Kaja na jua lake. Hoja hii niliwahi kuitoa mbele ya mkubwa mmoja wa kazi. Akaniuliza kama hilo jua ndilo linalonilipa mshahara.

Januari 2023 serikali ilituonea huruma, ikasogeza saa ya kuanza kazi maofisini hadi saa tatu asubuhi. Waliokuwa wakichelewa saa mbili sasa wanachelewa saa tatu, wakiwa wamelala vizuri zaidi.

Nayasema haya mapema ijulikane kwamba na wakati wenyewe sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na ule msemo. Wakati ni mali. Utaukuta kwenye kalenda za maduka, kwenye vioo vya mabasi, kinywani mwa makarani, washereheshaji wa harusi na wakwe. Nimeuchunguza muda mrefu, nikagundua kwamba anayeusema ni yule anayekungojesha. Anayengoja hana nafasi ya methali, anatazama saa. Karani atamaliza chai yake, atamaliza na simu ya shangazi yake, atapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika, kisha atainua kichwa na kukukuta umesimama palepale ulipokuwa. Hapo ndipo anaposema: "Haya mzee, sema haraka, wakati ni mali." Ni mali kweli. Na iliyoliwa ni yangu.

Msemo huohuo umeandikwa kwa rangi nyekundu ndani ya kifuniko cha sanduku la fundi wangu wa viatu, pale pembeni ya soko. Fundi huyu, tuelewane, ni bingwa. Soli akiitoboa kwa msharasi, akaupitisha uzi alioukokota kwenye nta, akaugonga ukingo kwa nyundo yake ndogo isiyo na mpini wa kueleweka, kiatu hicho kitakuzika wewe na kibaki kwa wanao. Mikono yake haina kosa. Tatizo lake ni benchi. Kando ya sanduku kuna benchi la wateja, na kwenye benchi hilo wanakaa watu ambao viatu vyao ni vizima kabisa. Wamekuja kuzungumza. Mpira wa Ulaya, bei ya samaki wetu sambaza, nani kafiwa, nani kaoa na kwa nini. Fundi anashona tundu moja, anainua kichwa kuchangia hoja, anashona la pili, anaombwa atoe hukumu.

Nilimpelekea viatu vyangu vyeusi, vile vya harusi na misiba, kwa sababu mpwa wangu alikuwa anaposa Nyamasheke.

"Fundi, Jumamosi nina gusaba."

"Mzee, hata usiseme. Ijumaa unavaa."

Ijumaa asubuhi simu ikalia ujumbe: "Njoo saa 10."

Hapa msomaji wa mbali inabidi aelezwe mateso yetu. Kinyarwanda kiliazima saa zake kutoka Kiswahili: saa moya, saa mbiri, unahesabu tangu kulipokucha. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua halitusumbui. Mwaka mzima linachomoza karibu na saa kumi na mbili na kuzama karibu na saa kumi na mbili. Hiyo ndiyo saa ya kinywani. Simu inaonyesha nyingine. Wazee waliosoma Kifaransa wanasema ile ya simu, na wajukuu wao wanaosoma Kiingereza wanasema hiyohiyo kwa matamshi mengine. Ukivuka daraja la Rusizi kuingia Bukavu, upande wa Congo, saa haibadiliki, tunashukuru, ila mji mkuu wa nchi yao ni Kinshasa, na Kinshasa wako nyuma saa nzima. Ukifungua redio ya Dar es Salaam, mtangazaji anakuambia kwa furaha kwamba ni saa mbili kamili usiku, na wewe kwako ni saa moja na maharage hayajaiva. Katika vurugu hizo zote, mtu anakuandikia saa 10, kwa tarakimu, bila asubuhi wala jioni.

Nikaenda saa nne asubuhi, yaani kumi ya simu. Benchi zima likanicheka.

"Mzee, wewe Mswahili gani? Saa kumi!"

Nikarudi saa kumi. Kiatu kimoja kilikuwa tayari, tena kinang'aa, kimewekwa juu ya sanduku kila mtu akione. Cha pili kilikuwa bado kinasubiri maoni ya benchi.

Bibi yangu hakuwa na shida hizi. Yeye alisema "inyana zitaha", ndama wanarudi nyumbani, na kila mtu mlimani alijua ni alasiri ipi. Miadi ya ndama haiwezi kueleweka vibaya, labda ndama wenyewe wawe wamepotea, na hapo tayari una tatizo kubwa kuliko kuchelewa.

Jumamosi, basi dogo tulilolikodi linaunguruma barabarani, familia nzima imo ndani na zawadi zake, mimi niko sokoni na kiatu kimoja mguuni, nimemsimamia fundi kichwani. Mwenyewe anashona kwa utulivu wa mtu anayepamba mto wa bibi harusi. "Mzee, haraka haraka haina baraka," akaniambia. Hii ndiyo raha ya methali zetu, zina silaha za pande zote mbili. Akitaka kukuchelewesha, haraka haina baraka. Akitaka kukulaumu, ngojangoja huumiza matumbo. Na kwa Kinyarwanda wako tayari pia: buhoro buhoro ni rwo rugendo, polepole ndio mwendo. Alipokwisha nikamkumbusha ilivyoandikwa ndani ya kifuniko chake. Akanijibu kwamba hayo ameyaandika kwa ajili ya wanaochelewa kulipa.

Tulifika Nyamasheke tumechelewa. Sasa, gusaba yetu ni mdahalo. Familia mbili zinakaa zikitazamana, kila upande na msemaji wake, na wasemaji hao wanabishana kwa maneno matamu juu ya msichana ambaye kila mtu pale anajua amekwisha kukubali. Ng'ombe wanasifiwa ambao hawapo. Koo zinachambuliwa hadi babu wa babu. Na wageni wakichelewa, wenyeji wana haki ya kuwatoza faini kabla hata ya kuwaruhusu kuketi. Msemaji wao, mzee mrefu mwenye fimbo na koti la mikono mirefu kuliko mikono yake, akasimama, akasafisha koo.

"Wakwe zetu, karibuni. Sisi hatuna haraka. Ila wakati ni mali."

Kreti mbili za bia. Tukalipa. Baada ya hapo mzee akaanza kuongea, na alipomaliza ndama wa Nyamasheke walikuwa wamekwisha kulala.

Kwenye basi wakati wa kurudi ndipo mabishano yalipozuka: huu msemo uliotukamua umetoka wapi? Baba mdogo akasema ni wa Mfalme Suleimani, uko kwenye Biblia. Nikamwambia afungue kitabu cha Mhubiri atazame vizuri. Pale kimeandikwa kila jambo lina majira yake. Bei yake haikutajwa. Shangazi akasema ni wa wamisionari. Kwamba Mapadri Weupe walipojenga misheni ya Mibirizi mwaka 1903, hapahapa kwetu, walikuja na mambo mawili: miche ya kahawa na kengele. Kuhusu kahawa hatukuweza kumbishia, maana hadi leo iko aina ya mbuni ulimwenguni inayoitwa Mibirizi. Kengele tukaiachia. Dereva, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema ni msemo wa yule mzee wa kwenye dola mia.

Dereva alikaribia.

Mzee wa kwenye dola mia ni Benjamin Franklin, mchapishaji wa Philadelphia. Mwaka 1748 aliandika nasaha fupi kwa kijana anayeanza biashara, akautanguliza msemo wetu mbele kabisa, kisha akamfanyia hesabu. Kama una uwezo wa kupata shilingi kumi kwa siku, anasema, ukatembea au ukakaa bure nusu ya siku hiyo, na katika starehe zako ukatumia peni sita tu, usijidanganye kwamba umetumia peni sita. Umetupa na shilingi tano juu yake. Zaidi ya miaka 150 baadaye msomi wa Kijerumani, Max Weber, aliyachukua maneno hayo na kuyafanya mfano wa moyo wenyewe wa ubepari. Alikuwa akiyaandika hayo mwaka 1904 na 1905, Wajerumani wenzake wakiwa hapa kwetu wanatutawala.

Soma tena hesabu ya Franklin polepole, utaona ubaya wake. Ni hesabu inayokutoza kwa kitu ambacho hukukishika. Kwa hesabu hiyo benchi la fundi wangu linateketeza mali kila siku kuliko mfanyabiashara yeyote wa Kamembe, na hakuna senti iliyoondoka mfukoni mwa mtu. Nilimsomea mama watoto. Akasikiliza kwa umakini usio wa kawaida, akauliza fundi wa ujenzi siku hizi analipwa ngapi kwa siku, akagawanya kwa mbili, na tangu hapo usingizi wangu wa baada ya chakula una bei, nayo inatajwa mbele ya watoto.

Wamarekani walimlipa Franklin kwa kumweka kwenye noti yao kubwa kuliko zote zinazotembea. Na sisi wa mpakani noti hiyo tunaifahamu, maana Bukavu dola ni fedha ya sokoni kama ya kwao. Lakini jaribu kuipeleka ikiwa na mpasuko wa ukubwa wa ukucha. Jaribu kuipeleka ikiwa toleo la zamani, lile la picha ndogo. Mbadilishaji ataiinua kwenye mwanga. Atampapasa Franklin kola ya koti kwa kidole gumba, maana kola ya noti halali ina mkwaruzo. Ataikunja, ataikunjua, atamwita mwenzake, mwenzake atamwita bosi, bosi anakula. Nimesimama mbele ya dirisha la namna hiyo, nyuma yangu watu wanakohoa kwa hasira, nikamtazama yule mzee kwenye karatasi na midomo yake iliyobana. Mwenye wakati ni mali, yeye mwenyewe, ndiye aliyeziba foleni.

Siku hiyo nilipata muda wa kuigeuza nyuma. Kuna picha ya Independence Hall, jengo la Philadelphia walikotangazia uhuru wao, na juu yake mnara wenye saa. Kwenye noti za zamani mishale ya saa ile inaonyesha kama saa kumi na dakika kumi. Kwenye noti mpya, zilizoanza kutoka mwaka 2013, inaonyesha saa nne na nusu. Nikacheka peke yangu hadi mbadilishaji akaitilia shaka noti upya. Saa kumi, saa nne! Taifa lenye mitambo na wataalamu wote wale, na wao wameshindwa kuamua kama saa 10 ni ya asubuhi au ya jioni. Ningejua ningemwonyesha fundi.

Ila nimesema dereva alikaribia, sikusema alifika. Franklin hakuuzaa msemo huu. Wapo wanaopenda kurudi mbali sana, hadi kwa Mgiriki mmoja, Antiphon, aliyeishi karne ya tano kabla ya Kristo. Mwandishi Plutarch anamtaja kuwa ndiye aliyeuita wakati matumizi ya gharama kuliko yote, na anamtaja pale anapomlaumu jemadari Antonius kwa kukaa Misri akila na kunywa na Kleopatra badala ya kushughulikia vita vyake. Sawa. Lakini matumizi ni matumizi, na sentensi kamili, yenye wakati upande huu na fedha upande ule, nimeikuta pengine.

Ilichapishwa London mwaka 1719, miaka 29 kabla ya nasaha za Franklin, kwenye kijarida kilichoitwa The Free-Thinker, cha mshairi Ambrose Philips. Franklin wakati huo alikuwa mvulana wa miaka 13, anajifunza uchapaji kwa kaka yake Boston. Na kijarida kinasimulia nini? Kinasimulia habari za mwanamke mmoja mchapakazi aliyejua thamani ya wakati. Mume wake alikuwa fundi viatu.

Ndiyo. Fundi viatu! Nilisimama, nikazunguka meza, nikakaa tena.

Tena kinasema alikuwa fundi hodari, mwenye mikono ya kusifika, ila hakujali dakika zinakwenda wapi. Mkewe akamwimbia bure kwamba wakati ni fedha, na yeye akajiona mwerevu mno kuambiwa hayo. Kila usiku alikuwa na kazi ya kuilaani saa ya kanisa la mtaani kwao. Mambo yake yakaishia pabaya. Basi, kijarida kikaendelea na mawaidha yake. Jina la mwanamke hakuna, na la mume hakuna. Benchi la wateja halikutajwa, lakini mimi naliona lilipokuwa, na waliolikalia nawajua.

Sidai kwamba Franklin aliiba. Vijarida vya London vilifika Boston, na mwenyewe ameandika kwamba ujanani alijifunza kuandika kwa kuiga kimojawapo, ila hicho kilikuwa kingine, na msemo wa namna hii unaweza ukawa ulikuwa mitaani zamani. Ninachodai ni kingine. Mara ya kwanza tunapoyakuta maneno haya kwenye karatasi, ni manung'uniko. Anayeyasema ni mtu aliyengoja, akamwambia aliyemngojesha. Miaka 29 baadaye yakaingia mikononi mwa mwenye duka, yakageuka kuwa nasaha, kutoka hapo yakapanda hadi kwa wakubwa wa kazi, makarani na wakwe wenye fimbo. Yalikuwa yetu sisi tunaosimama kwenye foleni. Yamechukuliwa, tumesomewa sisi wenyewe.

Nilipomsimulia mama watoto, hakucheka.

"Huyo mwanamke mimi namjua," akasema. "Nenda mwaloni alfajiri utamwona."

Nilikwenda, kwa sababu alikuwa ameshikilia ile hesabu ya nusu siku. Ziwa Kivu alfajiri lina baridi inayoingia kwenye meno. Mitumbwi ya sambaza inarudi, mitatumitatu, imeunganishwa kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma, taa zimezimwa, wavuvi wanaimba kwa sauti iliyokwisha. Samaki hao si wenyeji wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, na leo sijui Kamembe ingekula nini bila wao. Wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi na mvuvi analala kwake. Hiyo nayo ni saa, na haina mishale.

Pale ufukweni kuna wanawake, beseni mkononi, hela zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Hakuna anayezungumzia mpira wa Ulaya. Mtumbwi haujagusa mchanga vizuri wao wamekwisha kuingia majini hadi magotini. Sambaza wa alfajiri ana bei yake. Jua likipanda, bei inashuka. Ikifika saa sita inzi ndio wanaopanga bei. Wengine watawaanika, wengine watapanda nao hadi soko la Kamembe, wengine wataungana na wenzao wa nyanya na mboga kuelekea mpakani, wapange mstari na vitambulisho vyao waingie Bukavu kabla wateja hawajanunua kwingine. Mtu akisimama mbele yao dirishani kwa robo saa akitafuta kalamu, hiyo robo saa inanuka ndani ya beseni. Nilitembea nyuma yao nikisikiliza. Walitaja mvua, ada ya shule, mguu wa mmoja wao uliovimba. Msemo wangu sikuusikia hata mara moja. Walikuwa wanatembea haraka mno, nikaachwa kwenye mlima.

Mmoja wao aligeuka kunisalimia. "Shikamoo baba, viatu vimekaaje?" Ndipo nikamtambua. Alikuwa mke wa fundi.

Mimi sikusema kitu. Naapa. Aliyesema ni mama watoto, ambaye jioni alikwenda kununua sambaza kwake sokoni na akakaa huko muda ambao kwa bei za Franklin ungetosha kununua mbuzi. Alimpa habari yote: London, 1719, fundi hodari, benchi, saa ya kanisa, maneno ya mwanamke, na jinsi maneno hayo yalivyompeleka mwanamume mwingine kabisa kwenye noti ya dola mia huku mwenyewe hata jina hana. Naambiwa mke wa fundi alisikiliza hadi mwisho, akafunika beseni lake, akavuka soko, akafungua kile kifuniko chenye rangi nyekundu mbele ya benchi zima, akauliza nani amempa mumewe ruhusa ya kuandika maneno yake humu.

Benchi, naambiwa vilevile, lilikumbuka ghafla kwamba lina shughuli nyumbani.

Nilipopita kesho yake fundi alikuwa peke yake, anashona bila redio. Viatu vilivyokwisha vilikuwa vimepangwa safu nzima, jozi kwa jozi. Akanitazama chini ya nyusi.

"Mzee, wewe mambo haya ya vitabu unayapata wapi?"

Nikamwambia ni udadisi tu, nisamehewe.

"Na huyo fundi mwenzangu," akasema, sasa ameuweka msharasi chini, "huyo wa London. Mwisho wake ulikuwaje?"

"Nina haraka kidogo, fundi," nikamwambia. "Nitakusimulia. Njoo nyumbani saa 10."